Rivasi ya Bi. Doreen

Inatangazwa rasmi, kwa wanaohusika na wasiohusika, kwa walio hai na kwa marehemu Stanley popote alipo, kwamba Bi. Doreen Ackroyd wa Batley, umri miaka sabini na moja, mjane, mstaafu, mwenye magoti mawili ambayo moja tu ndilo alilozaliwa nalo, hajui kurudi nyuma. Hatusemi kwa mafumbo, tunasema gari. Kwenda mbele anakwenda kama mkuki. Lakini mwambie apige rivasi, atakitazama kile kioo cha pembeni kama mtu aliyefunuliwa maiti akaulizwa, "Unamfahamu?"

Si kwamba anaogopa magari. Kwa miaka thelathini na moja alisimama mbele ya shule ya mtaani kwetu, koti la njano hadi magotini, mkononi mti mrefu wenye kibao cha duara kama peremende ya jitu, kimeandikwa SIMAMA, akivusha watoto. Malori ya makaa yalisimama. Mabasi yalisimama. Siku moja lilisimama gari la maiti na msafara wake wote, na inasemekana marehemu mwenyewe alitulia zaidi. Chuo nilichokiacha mwaka wa pili kilikuwa na profesa mzima wa usafirishaji; hakuwahi kusimamisha hata baiskeli.

Mpiga rivasi wa nyumba ile alikuwa Stanley, mumewe, fundi bomba. Alipostaafu alinunua gari-nyumba kuukuu: vitanda vinavyokunjwa mchana vikawa viti, jiko la gesi, na choo ambacho lazima uamue kabla ya kuingia unataka kutazama upande gani, maana ukishaingia hugeuki. Akaliita Beryl, jina la shangazi yake, ambaye naye alikuwa mpana, mnywaji, na mgumu kugeuzwa. Walizunguka naye misimu minne. Kisha moyo wa Stanley ukasimama bila kuonyeshwa kibao, na Beryl akabaki uani miaka miwili akiota ukungu ubavuni.

Mwana wao wa pekee, Adrian, yuko Leeds, kwenye bima, yaani analipwa mshahara kwa kuwawazia watu mabaya. Jumapili moja ya Mei alikuja na karatasi yenye picha za nyumba za wazee: chumba kimoja, dirisha moja, na bafuni kamba nyekundu ya kuvuta ukianguka. Beryl angeuzwa. Mnunuzi alikwisha patikana, na alikuwa anakuja Ijumaa.

"Mama, lile gari huliendeshi."

"Ntaliendesha."

"Lini?"

"Jumanne," alisema Doreen, kwa sababu ndiyo siku iliyokuwa karibu na ulimi.

Wakapatana kama mataifa mawili yaliyochoka vita. Siku tatu barabarani, yeye na rafiki zake wawili. Akirudi Alhamisi bila mkwaruzo na bila kuokolewa, Beryl anabaki na kamba nyekundu wapewe wanaoanguka. Ukitokea mkwaruzo mmoja, au simu moja ya "njoo unitoe," basi Ijumaa mnunuzi aondoke na Beryl.

Rafiki wenyewe walikuwa Pauline Oldroyd, aliyekuwa mpishi wa shule ile ile, mwenye sauti ya kuita watoto mia tatu mezani bila kipaza, na Muriel Thackray, aliyekuwa wa maktaba, ambaye mpaka leo huongea kana kwamba kuna mtu anasoma. Muriel alikabidhiwa ramani na sharti moja: popote watakapolala pawe mahali pa kuingia kwa mbele na kutoka kwa mbele.

Ndiyo maana Jumanne jioni walilala katikati ya Hawksbeck, mji mdogo wa mawe kwenye vilima ambako kondoo ni wengi kuliko wapiga kura. Kulikuwa na uwanja mpana, mtupu, unaoingilia huku unatokea kule. Kulikuwa pia na tangazo ukutani, na Muriel, asiyeweza kuacha maandishi bila kuyasoma, alilisoma.

"Doreen, linasema marufuku kuegesha Jumatano."

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Basi linaongea na watu wengine. Pauline, funga mlango, joto linatoka."

Nia ilikuwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nia hiyo njema ilikutana njiani na chupa ya Pauline ya mvinyo mtamu wa sheri. Walipoamka ilikuwa saa mbili, na Doreen alipovuta pazia alikutana macho kwa macho na kichwa cha samaki.

Mbele samaki. Nyuma ya samaki mboga, nyuma ya mboga mito ya kulalia mbwa, mpaka mlangoni mwa benki. Kushoto soksi. Kulia jibini. Kwa nyuma tu ndiko kulikobaki upenyo, kati ya meza ya jibini na msalaba wa mawe wa sokoni, upana wake sawa na Beryl akivuta pumzi.

Tangu alfajiri wafanyabiashara walikuwa wamejenga soko zima kumzunguka Beryl, kwa kunyata, wakipokezana vyuma kama wezi.

"Tuliona mapazia yamefungwa, mama," alieleza muuza jibini. "Tukasema tusiwasumbue."

"Hamkuweza kugonga?"

"Kugonga?" Alimtazama kana kwamba amependekeza wachome kanisa. "Hatujatambulishana."

Doreen akarudi ndani, akakaa. Simu ikalia. Adrian alikuwa amemtilia mamake kwenye simu kile kitu cha kuonyesha uko wapi, kwa usalama, alisema, kama vile ng'ombe hufungwa kengele kwa ajili ya muziki.

"Mama, mbona hamjasogea tangu jana?"

"Tunaangalia soko."

"Beryl yuko karibu na soko?"

"Karibu."

"Karibu kiasi gani?"

Doreen akatazama nje. Muuza soksi alikuwa ametundika soksi tatu kwenye kioo cha pembeni cha Beryl. "Karibu sana," alisema.

"Nakuja."

"Sijakuita!" alipiga kelele Doreen, lakini simu ilikwisha katwa. Akawageukia wenzake. "Mmesikia wote wawili. Sijamwita."

"Tumesikia, shoga yangu," alisema Pauline. "Lakini akikukuta umebanwa hapa kama goti kwenye soksi ya mtoto, ataita nini hiyo kama si kuokolewa?"

Kabla hajajibiwa, mlango uligongwa. Alikuwa Bwana Raistrick, msimamizi wa soko, koti la kung'aa, karatasi ubaoni, kalamu sikioni. Yeye aliruhusiwa kugonga kwa mujibu wa cheo.

"Mabibi, hapa hakai mtu asiyeuza. Hii mlipo ni nafasi ya hisani, ya wanaochangisha. Ni bure mpaka saa nane mchana, halafu inakaa bendi. Mnachangisha kwa ajili ya nini?"

Pauline akatazama sakafu. Doreen akamtazama Pauline. Ndipo Muriel, mwanamke ambaye hajawahi kurudisha kitabu siku moja baada ya tarehe, akanong'ona: "Paa la kanisa."

Bwana Raistrick akavua kofia. Hakuuliza kanisa gani. Katika nchi hii hakuna kanisa lenye paa zima, na kuuliza lipi ni kama kuuliza mvua ipi.

Basi kazi ikaanza. Birika likawekwa. Pauline alikuwa amefunga safari na nyama ya nguruwe ya bekoni ya kulisha kikosi, kwa kuwa hajawahi kupika kwa ajili ya watu watatu na hajui inavyofanyika. Doreen akafungua dirisha la ubavuni, akatoa nje kile kibao chake cha SIMAMA, alichopewa zawadi ya kustaafu na ambacho Stanley alikifanya kizuizi cha kabati, akakisimika mahali foleni inapoanzia.

Kosa, au baraka. Mtu wa kwetu ukimwonyesha mahali pa kupangia foleni, atapanga, kisha ataulizia ya nini. Kufikia saa tano foleni ilikuwa imepita jibini. Padri wa hapo alifika dirishani, akauliza kwa upole paa lenyewe ni la kanisa lipi.

"La kwako," alisema Doreen, akamkabidhi kopo zima la michango na mkate wa bekoni juu yake. Padri akalia kidogo, ingawa huenda ni vitunguu.

Adrian alifika saa saba na robo, kwenye mvua, ndani ya suti. Alimwona Beryl katikati ya samaki na soksi, akashika kichwa, akaenda moja kwa moja dirishani.

"Foleni, kijana," alisema bibi mmoja mwenye mbwa.

"Yule ni mama yangu."

"Sote tumezaliwa, mpenzi. Nyuma."

Mwanamume wa huku unaweza kumnyang'anya nyumba akakuandikia barua ya malalamiko baada ya miezi sita. Kuruka foleni hawezi. Adrian akatembea mpaka mwisho, akasimama nyuma ya mzee mmoja mnene aliyekumbatia tarumbeta kubwa kama mtoto mgonjwa. Dakika ishirini na tano akasubiri zamu yake ya kumwokoa mamake.

"Hapa bekoni yao haina mfano," mzee wa tarumbeta alimwambia.

"Wamekuwa wakija siku nyingi?"

"Ah, miaka," alisema mzee, ambaye alikuwa amewaona asubuhi ile. "Huyu mama asipokuja, soko halina roho."

Adrian akatazama mbele. Kwa mbali alimwona mamake dirishani, mikono imekunjwa, mashavu mekundu, akimgombeza mtu na yule mtu anacheka. Hakuwa amemwona na uso ule tangu Stanley.

Hatimaye zamu yake ikafika.

"Sosi nyekundu au ya kahawia?"

"Mama."

"Nyekundu au kahawia, Adrian, watu wanasubiri."

"Kahawia. Mama, umenasa."

"Nauza bekoni."

"Umenasa, na unauza bekoni."

"Bwana Raistrick!" aliita Pauline kutoka jikoni, sauti ikaangusha soksi moja. "Saa ngapi?"

Ilikuwa imebaki robo saa ifike nane. Bendi yote ilikwisha wasili na ilikuwa imesimama pembeni na vyombo vyake, imelowa, ikitafuna bekoni. Raistrick akakohoa. Mbele haiwezekani, alisema, samaki hawaondoki mpaka jioni. Kwa nyuma tu. Muuza jibini alikuwa tayari kuvuta meza yake. Aliivuta kwa upana wa vidole vinne, akaona ametoa mhanga.

Adrian akafuta mikono, akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo, mama. Nalitoa mimi."

Muriel akaacha kufuta vikombe. Hapo ndipo penyewe: ufunguo ukitoka mkono huu kwenda ule, ameokolewa, na Ijumaa mnunuzi anakuja.

"Umewahi kupiga rivasi gari kama hili?" aliuliza Doreen.

"Hapana. Lakini nina bima."

"Na mimi nina kibao. Kishike."

Sasa, kuna jambo la zamani kati ya Adrian na kibao kile. Alipokuwa na miaka tisa mamake alisimamisha lori la tani kumi katikati ya barabara ili amfute kamasi, mbele ya darasa zima. Kuanzia siku ile alivukia barabara kule chini, hatua mia, peke yake, akijifanya hamjui yule mama wa njano. Alikuwa hajawahi kukigusa.

Akakishika. Akaenda akasimama nyuma ya Beryl, kwenye mvua, suti imeshikana na mgongo, sosi ya kahawia kidevuni. Mkurugenzi wake angepita pale, asingekubali kumkatia bima.

Doreen akaketi kwenye usukani. Akakanyaga klachi kwa mguu wa goti la kuzaliwa, breki kwa wa goti la kununua. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa upande usio wake: jibini huku, msalaba kule, watu mia wanaojifanya hawatazami.

"Siwezi, Pauline."

"Ulikuwa unawaambia nini madereva?" aliuliza Pauline. "Wale vijana wa malori wakipagawa na watoto. Ulikuwa unawafokea nini?"

Doreen akafikiri. "Usitazame watoto. Tazama kibao."

"Haya."

Akatazama kibao. Akaacha jibini iwe jibini, msalaba akamwachia Mungu, akatazama lile duara tu kwenye kioo. Likienda kushoto, anakwenda nalo. Likinyanyuka, anasimama. Bendi, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kukaa, ilianza kupiga ilipo, wimbo wa kanisani wa polepole, wa kuzikia watu, na Beryl akarudi nyuma kwa mwendo huo huo. Kioo cha kushoto kikapita kwenye msalaba kwa unene wa karatasi. Muuza jibini akafumba macho. Muuza soksi akafungua yake.

Mara moja Adrian alinyanyua kibao juu kabisa, SIMAMA. Doreen akakanyaga breki. Mbwa wa yule bibi akapita nyuma ya Beryl, taratibu, akakojolea msalaba, akaondoka. Kibao kikashuka. Beryl akaendelea.

Alipotoka kwenye mawe akaingia barabarani, watu walipiga makofi matatu kila mmoja, kiasi cha adabu, wakarudi kwa samaki. Raistrick akaandika kitu. Muriel akashuka na tochi ya kusomea, akamzunguka Beryl mara mbili ubavu kwa ubavu, akapanda tena.

"Hakuna," alinong'ona. "Hata ule ukungu upo pale pale."

Adrian akaja mlangoni. Hakuingia. Alisimama kwenye ngazi, mlango wazi, maji yakimtiririka puani, kibao ameking'ang'ania kama askofu na fimbo yake.

"Mama," alisema, kisha akaanza upya kama watu wa bima wanavyoanza. "Mbele ya mashahidi hawa wawili natamka kwamba masharti yametimizwa. Mnunuzi nampigia leo hii asije. Beryl ni wako, uende naye unakotaka, mbele na nyuma. Na kama baba angekuwepo hapa, angekuona..."

"Adrian," alisema Doreen, akiweka birika jikoni, "ingia au baki nje, lakini funga mlango. Joto linatoka."