Mume wangu alivyoacha sigara na kuwaambia wenzake wa steji kwamba tunaishi na HIV

Wakuu, salaam kwenu wote. Haya yametokea nyumbani kwangu, hapa Ukunda. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi na mume wangu, nimwite Baba Zuhura, tunaishi na HIV. Tulijua pamoja nilipokuwa na mimba ya Zuhura. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi. Dawa tunachukua hospitali ya Msambweni na tunameza bila kukosa.

Ila mume wangu alikuwa mtu wa sigara. Anaendesha tuktuk, na pale steji wanaposubiri abiria sigara moja huzungushwa watu wote.

Mwaka jana akaanza kukohoa. Akipanda ngazi za msikiti anashika ukuta. Mimi nikajua dawa zimegoma, nikawa nalia jikoni asinione.

Tukaenda kliniki. TB hana. Kipimo cha wingi wa virusi, viral load, virusi havionekani kabisa.

Daktari, dada mmoja mpole, akamuuliza kama anavuta. Akasema ukweli. Yule dada akamwambia, "Virusi umevidhibiti wewe mwenyewe. Sasa kinachokumaliza ni sigara." Akatueleza kwamba kwa sisi wenye HIV, moshi huumiza mapafu na moyo zaidi, na dawa zetu za ARV hazizuii hilo.

Aliacha siku ile ile. Wakuu, si mchezo. Usingizi hana, hasira za bure, chai ikikosa tangawizi ananuna. Siku ya mazishi ya rafikiye akavuta tena. Hakunificha, alikuja akaniambia, akaanza upya.

Kazi kubwa ilikuwa steji.

Mchana mmoja nimempelekea wali, nikakuta wenzake wamemzunguka. Rashidi, swahiba wake mkubwa, amemnyooshea sigara, anamcheka kwamba siku hizi amekuwa shehe.

Mume wangu akanitazama. Nikaelewa. Akisema lake, amesema na langu, nami ndiye niuzaye mahamri mtaa mzima.

Nikamwambia, "Sema, Baba Zuhura."

Akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mimi ninaishi na HIV. Dawa zimevilaza virusi. Siwezi kuvilaza virusi halafu mapafu niyachome mwenyewe."

Mmoja wa wenzake akawasha tuktuk akaondoka bila abiria.

Ilituuma, sitadanganya. Wateja wangu wengine walipotea, wachache wamerudi. Lakini asubuhi iliyofuata mume wangu alikwenda kazini akamsalimia kila mtu kwa jina, hata wasiomjibu. Kikohozi nacho kikaanza kupungua.

Kisha jioni moja Rashidi akabisha hodi. Alikaa mpaka chai ikapoa. Ndipo akasema kwamba yeye pia yuko kwenye dawa, huzifuata hadi Kinango asije akaonana na mtu wa hapa. Ajuaye ni mkewe peke yake.

"Nifundishe ulivyoacha," akamwambia mume wangu.

Kesho yake walikwenda kliniki kwa tuktuk moja.

Nilichojifunza ni kwamba kumeza dawa vizuri ni nusu ya kazi. Na kwamba nimeolewa na mwanamume mwenye moyo kuliko nilivyodhani. Kama uko kwenye dawa na bado unavuta, mwambie daktari wako, hatakufukuza.

Rashidi ameniruhusu niandike haya. Bado anahangaika, ameteleza zaidi ya mara moja. Walioacha, elezeni hapa chini mlifanyaje. Anasoma.