Jogoo wa Kwenda Bondo

Kwenye ukuta wa chumba chetu cha kulia kuna ratiba ya mwezi. Imeandikwa kwa kalamu za rangi tatu na kubandikwa juu sana, hata kila mzee wa humu ndani lazima avue miwani, aivae tena, kisha amuulize jirani imeandikwaje. Jumatatu ni mazoezi ya viungo, tukiwa tumekaa vitini. Jumatano tunapimwa presha. Ijumaa ni kwaya, na siku hiyo mimi hutafuta mahali pa kuumwa. Halafu Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Siku ya Kwetu. Mmoja wetu anapewa jiko na ukumbi, anapika chakula cha kwao, anaeleza mila za kwao, tunacheza kadiri magoti yanavyoruhusu, na jamaa wanakaribishwa kuja kutuona.

Msimamizi wetu, binti wa rika la mjukuu wangu wa kwanza, ndiye aliyeianzisha hiyo Siku ya Kwetu. Alisema itatuchangamsha. Nikamwambia mimi nimeuza mitumba Kisumu hii miaka arobaini, nimeita wateja kwenye jua kali mpaka sauti ikakauka, uchangamfu wangu niliumalizia sokoni. Akacheka, akaniandika mkuu wa kamati ya jikoni. Ndivyo alivyo huyo. Ukimkatalia anakupandisha cheo.

Mimi ni mtu wa milimani, kule kwenye viazi na baridi. Nililetwa hapa ziwani na mume, mume akafa, biashara ikabaki, nami nikabaki nayo. Tulikaa mtaa wa Manyatta mpaka watoto wakaota mabawa. Kijaluo nakisikia chote, nakisema nusu, na hiyo nusu nyingi ni ya kugombana. Watoto wangu wako mbali na wananipenda kwa simu.

Rafiki yangu mkubwa hapa nyumbani kwa wazee alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, mtu wa upande wa Bondo, mrefu, mwenye maneno machache. Kila siku baada ya chai ya saa nne tulikaa kwenye benchi nyuma ya jiko, mahali ambapo ziwa linaonekana kidogo kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Mimi nasema, yeye anasikiliza. Kazi tuligawana vizuri.

Na alikuwa na jogoo. Msimamizi alimruhusu amfuge pale nyuma, jogoo mwekundu mwenye hasira, aliyekuwa akiwafukuza wageni na kumwogopa yeye tu. Mzee alimletea makombo ya ugali mfukoni, akamsagia kwa vidole. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, huyu tunamla lini?"

"Huyu haliwi," akasema. "Huyu anaenda Bondo."

Nikadhani anatania. Lakini siku hiyo akasema maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. Kwao, alinieleza, mwanaume hahesabiwi kuwa na boma mpaka atoke alfajiri kwenye boma la baba yake, aende kwenye ardhi mpya na mwanawe wa kwanza, wakiwa na jogoo na shoka, wajenge siku hiyohiyo. Yeye hakujenga. Kazi ya reli ilimzungusha, akalala kwenye nyumba za reli, na kila mwaka alisema mwaka ujao. Na baba asipojenga, mtoto hawezi kujenga. Mtoto hamruki baba yake. Mwanawe alikuwa mwalimu mjini Bondo, mtu wa mvi tayari, na mpaka leo alikuwa amepanga nyumba kama kijana aliyeajiriwa jana.

"Mama yake alipokufa tulimzika kwa baba yangu," akasema. "Baada ya matanga mtoto akaniambia, Baba, twende tujenge. Nikamjibu, mama yako hayupo, nijenge nimpe nani? Akanyamaza. Mwaka wa tatu huu amenyamaza."

"Na sasa unataka?"

"Sasa nataka."

"Si umwambie!"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali pale benchini. "Baba hamwombi mtoto boma, Mama. Mtoto ndiye huja."

Basi. Anafuga jogoo, anangoja mtoto ajue mwenyewe. Nilimweleza jambo hilo mama tunayelala naye chumba kimoja, mchuuzi wa samaki wa zamani na mwenye ulimi kunishinda. Akasema wanaume wa kwao wameumbwa hivyo, na kwamba marehemu wake aliwahi kumnunia mwezi mzima kwa sababu ya kiti.

Mwezi ukafika ambao Siku ya Kwetu ilikuwa ya mzee. Msimamizi alimpigia mwalimu simu kumwalika, naye akakubali kuja. Asubuhi ya Jumamosi nikiwa jikoni namenya vitunguu, mzee akaingia na jogoo kwapani, miguu imefungwa kwa uzi wa gunia.

"Mchinjeni," akasema.

"Mzee! Si huyu ni wa kwenda Bondo?"

"Mimi nazeeka na yeye anazeeka. Kama haendi Bondo, aende sufuriani. Mtoto wangu anakuja, nataka nimkaribishe." Akamweka chini, akatoka bila kugeuka nyuma.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na sitalipaka mafuta. Miaka arobaini nimekaa na watu wa ziwa, najua firigisi ya kuku ni ya nani. Ni ya mwenye boma. Mke humpelekea mumewe ikiwa nzima, juu ya nyama nyingine, na mwanaume akiikosa kwenye sahani yake, ametukanwa kwake mwenyewe. Nilijua. Lakini mwezi uliotangulia wazee wawili walikuwa wameinuliana bakora kwa sababu ya firigisi moja, kila mmoja akidai yeye ndiye mkubwa hapa, mpaka presha zikapimwa siku ambayo si Jumatano. Nikaapa kwamba haitatokea tena nikiwa mkuu wa jiko. Nikachukua kisu, nikaikata firigisi ya yule jogoo vipande vidogo kama vya kitunguu, nikavimimina kwenye mchuzi, kila mtu apate kidogo.

Mwenzangu wa chumbani aliniona. "Wewe! Hiyo ina mwenyewe!"

"Mwenyewe nani?" nikamwambia. "Hapa sote ni wapangaji."

Nilijiona nimesema neno la akili. Yeye akanyamaza, naye si mtu wa kunyamaza. Ningetia akilini hapo, lakini mimi nikishika kisu huwa sisikii.

Mwalimu alikuja saa saba, mrefu kama baba yake, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mkate na sukari mkononi. Wakasalimiana kwa mikono miwili, kwa heshima nyingi, kama watu waliokutana ofisini. Mzee akakaa kichwani mwa meza, akamkalisha mwanawe kulia kwake. Nilikuwa sijawahi kumwona amevaa koti. Tukapakua.

Akaichukua sahani yake, akaanza kugeuza nyama kwa kijiko. Akainua paja, akatazama chini yake. Akasogeza mchuzi upande huu, halafu upande ule. Hapo ndipo nilipoelewa anatafuta nini. Meza nzima ilikuwa imeelewa. Hata wale wazee wawili wa bakora waliinamia sahani zao.

Mwalimu naye aliona. Akasema polepole, kwa Kijaluo, "Hata hapa, Baba?"

Hakuwa akimcheka. Ingekuwa kicheko ningemjibu, ningemwosha kwa maneno palepale mbele ya watu. Alisema kwa huruma, na huruma ya mtoto ni kitu kizito kwa baba. Mzee akaweka kijiko chini, akasema ameshiba. Mwalimu aliaga kabla ngoma haijaanza.

Tangu siku hiyo mzee hakuja benchini. Chakula akaletewa chumbani. Nilikwenda mlangoni kwake nikabisha, nikasema, "Mzee, nisamehe. Mimi ndiye niliyeikata."

"Ni nyama tu, Mama," akajibu kutoka ndani. Mlango haukufunguka.

Nyama tu! Heri angenitukana. Usiku sikulala, na mwenzangu hakunipa pole, alinigeuzia mgongo na kuniambia, "Ulitaka haki, si umeipata." Nilikuwa nimechukua kitu cha mwisho ambacho mtu huyu angeweza kumwonyesha mwanawe, nikakigawa kama njugu. Nilijichukia, nasema kweli.

Mwezi uliofuata Siku ya Kwetu ilikuwa yangu. Wiki moja kabla, nikamwendea msimamizi nikamwomba namba ya mwalimu. Akasita, ati kuna utaratibu. Nikamwambia utaratibu nitaupika pamoja na viazi. Akanipa.

"Mwalimu," nikasema, "mimi ndiye niliyekata ile firigisi."

"Mama, hakuna neno. Si habari ya firigisi."

"Najua si firigisi! Ni boma. Na yule jogoo mliyemla, unajua alikuwa wa nini?"

"Wa nini?"

"Alimfuga karibu mwaka. Makombo mfukoni, kila asubuhi. Alikuwa akisema jogoo huyu anaenda Bondo."

Nikasikia akifunga mlango upande wake. Kisha akasema, "Hakuniambia."

"Angekuambiaje? Wanaume wenu hawasemi. Wanafuga jogoo."

"Nilimwomba akakataa, Mama. Nikaona nikirudia nitakuwa namlazimisha."

"Basi mmekaa kama watu wawili mlangoni. Pita wewe, hapana, pita wewe, na mvua inawanyeshea wote."

Akasema atafikiri. Walimu! Nikakata simu nikiwa na hasira, na sikumwambia mtu, maana kumpa mzee tumaini la bure lingekuwa kosa la pili.

Jumamosi yangu ikafika. Nilitaka mbuzi, msimamizi akakataa damu ya mbuzi uani kwake, kwa hiyo nikapika mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, na kuku watatu wa sokoni. Mzee alikuja. Mwenzangu wa chumbani alikwenda kumtoa, sijui alimwambia nini, lakini aliingia naye amemshika mkono wa koti. Alikuwa amekonda. Akakaa mwisho wa meza, karibu na mlango.

Muda wa kueleza mila ulipofika nikasimama. Nilikuwa nimeandaa habari za harusi na uji wa kuchachusha, nikaziacha. Nikachukua sahani iliyokuwa na firigisi moja, kubwa kuliko zote, nzima, nikatembea nayo ukumbi mzima hadi mbele ya mzee.

Wakaanza. "Ameolewa! Leo mama mitumba ameolewa!" Mwenzangu akapiga vigelegele, mjinga yule.

"Nyamazeni!" nikasema. "Leo jiko ni langu. Kwetu mbuzi ana mgawo wake, kila kiungo kina mtu wake, na ukikosea watu wanakosana miaka. Mimi niliyelelewa kwenye mgawo nilikuja kwa watu nikachafua mgawo wao. Mzee, hii ni yako."

Akaitazama. Hakuigusa.

Hapo ndipo tukasikia jogoo. Si kuwika, ni ule mlio wa kuku aliyebanwa kwapani. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, buti miguuni, shati kuukuu, na jogoo mweupe mkononi, miguu imefungwa. Watu wa milimani na wengine waliendelea kunong'ona. Watu wa ziwa walinyamaza wote kwa mara moja, na vigelegele vya mwenzangu vikamfia mdomoni.

Mzee hakumtazama mwanawe. Alimtazama jogoo.

"Na shoka?" akauliza.

"Liko kwenye gari, Baba."

"Limenolewa?"

"Jana. Twende tukalale kwenye boma la babu, alfajiri tutoke."

Mzee akashika meza kwa mikono miwili, akainuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akafunga vifungo vya koti, vyote vitatu. Kisha akaisukuma ile sahani taratibu mpaka ikanifikia.

"Hii kula wewe, Mama," akasema. "Yangu nitaila kwangu."

Wakatoka. Kupitia dirishani niliona mwalimu akimfungulia mlango wa gari, na mzee akimpokea jogoo ampakate mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikasikia kizunguzungu, na ndani ya furaha hiyo nilimwonea wivu, kwa sababu mimi hakuna anayeninolea kitu mahali popote. Nikakaa kwenye kiti chake, bado kina joto, nikaanza kula huku machozi yananitoka mbele ya kila mtu. Mwenzangu akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Tamu?" akauliza.

"Ngumu," nikamwambia. "Sikuipika ikaiva."

Akafungua kiganja. Nikaikata katikati, nikampa nusu.