Kifuniko cha Mashine ya Haji Swali

Siku yangu ya kwanza kazini, Koboko, mji wetu wa mpakani na Zaire, mwanzoni mwa 1979, sikugusa mashine. Haji Swali alinipa karai la muhogo mkavu, akaniambia nikae chini nipekue nitoe misumari na vipande vya waya. Nilikuwa nimetoka kijiji cha Midia na darasa langu la tatu, nikidhani nimekuja kuwa fundi.

"Haji, hii si kazi ya wanawake?"

"Duku, mashine hii iko na nyundo ndani. Inazunguka hata macho haioni. Chuma ikiingia, nyundo inavunjika, na mutu aliyesimama karibu tunamzika. Pekua."

Nikapekua.

Ninyi vijana mnabonyeza swichi tu. Mashine ya posho, yaani ya kusaga unga, ya wakati ule ilikuwa injini ya dizeli, unaizungusha kwa hendeli mpaka mabega yanawaka. Mkanda mpana wa mpira ulitoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Ndani ya kinu nyundo zilipondaponda muhogo na mtama, unga ukapita kwenye chekeche, yaani bati lenye matundu, ukaanguka ndani ya mfuko. Mkanda ukilegea, unga unatoka mkubwa kama mchanga, na wanawake wanakutukana.

"Haji, mashine yako inakula unga yetu!"

"Mashine haina tumbo, Mama Rosi. Wewe ndiyo ulitafuna muhogo njiani."

Kisha kulikuwa na kifuniko. Kwenye mdomo wa ekizosi, lile bomba la moshi, Haji alining'iniza kipande kizito cha chuma kilichokatwa kwenye springi ya lori. Injini ikipumua, kinainuka na kuanguka: kwa! kwa! kwa! Kilisikika mpaka Midia, na wanawake wakisikia wanajitwika mabeseni. Lakini tukitengeneza mashine na kuijaribu tu, kifuniko kilitolewa. Injini ikanguruma kwa sauti ya kukwaruza, na watu wote wakajua: leo msije. Haji hakutaka mtu atembee bure na mzigo kichwani. Alikipachika mwenyewe kila asubuhi, akisema Bismillahi. Sisi hatukukigusa.

Haji hakuwa mtu wa unga tu. Alikuwa mwenyekiti wa msikiti na wa kamati ya shule. Mabati ya shule yalitoka mfukoni mwake, na Wakristo walipojenga kanisa akawapelekea mengine. Ugomvi wa mahari uliamuliwa kwenye benchi la mashine, watu wakipiga kelele kwa sababu ya injini, mpaka wanasahau walikasirikia nini.

Halafu mwaka huohuo serikali ya wanajeshi ikaanguka. Koboko karibu kila nyumba ilikuwa na mtu jeshini, na tulijua tutalipishwa hata sisi ambao hatujashika bunduki. Wanajeshi wa serikali mpya walipokaribia, watu waliingia msituni upande wa Midia. Wengine walivuka kwenda Zaire. Haji alikataa.

"Nikienda, wanaorudi watasagiwa na nani?"

Nikabaki naye. Nililala na viatu miguuni. Mlango ukigongwa na upepo, nilikuwa nimeshasimama.

Asubuhi moja akaja luteni na malori mawili. Jina lake sikulijua. Alikuwa na sauti ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Pamoja naye alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, mwenzake Haji kwenye kamati ya shule. Huyo jina lake nalijua. Ni Lemi Wani. Naliandika, na nitaliandika tena.

"Mzee," luteni akasema, "jamaa zako wako na njaa msituni. Washa mashine. Wakisikia, watakuja kusaga. Sisi tutawaandikisha tu."

Malori yalikuwa yamefichwa nyuma ya duka la jirani, matupu. Ndani ya moja niliona kamba, rundo zima. Haji naye aliziona.

"Sawa, afande." Akanigeukia. "Duku, leo tunajaribu mashine."

Nilitoa kifuniko, mara ya kwanza maishani kukigusa, nikakiweka kwenye benchi. Tukazungusha hendeli. Injini ikakwaruza, ikakwaruza. Barabara ya Midia ilikuwa tupu. Askari wakatafuna miwa. Luteni akaangalia barabara, akaangalia saa, akaangalia barabara tena. Nikaanza kufikiri labda tutapona.

Ndipo Lemi Wani akamsogelea. "Afande, wanakuchezea. Iko kifuniko. Bila kifuniko, hawa watu hawatoki."

Haji akamtazama. "Lemi, watoto wako wanasoma chini ya mabati yangu."

"Na mimi nataka waishi," Lemi akasema, macho chini.

Luteni akaniwekea bastola sikioni. "Kiweke." Nilijikojolea, sioni aibu kusema.

"Huyo hajui," Haji akasema. "Mimi ndiyo nakiweka siku zote."

Akakichukua. Akasema Bismillahi, kama kila asubuhi. Akaniambia, "Sogea, Duku." Akakitumbukiza ndani ya mdomo wa kinu.

Ile sauti sijui kuiandika. Nyundo zilipasuka, moja ikatoboa ukuta wa mabati. Mkanda ulikatika ukanipiga kichwani, na sikio hili la kushoto halijasikia tena. Watu wa Midia waliniambia baadaye, tulipokutana Zaire, kwamba waliisikia. Walibeba watoto, hawakusimama mpaka walipovuka mpaka.

Haji walimpakia kwenye lori lenye kamba, unga mwili mzima, mkono unatoka damu. Lori likaenda njia ya Arua. Mke wake, Mama Zamida, alizunguka kambi zote za jeshi akiuliza. Hayupo, hayupo. Mpaka leo hakuna kaburi. Mimi waliniacha chini ya mkanda wakidhani nimekufa.

Huko Zaire nilitwangia watu muhogo kwa kinu cha mti. Tuliporudi, nilisaga Arua, barabara ya Ediofe, chini ya meneja aliyekuwa akinipigia kelele, "Duku, umelala?" Alikuwa anasimama upande wa sikio bovu. Kifua kilipojaa unga nikaacha kazi, nikarudi nyumbani Koboko.

Lemi Wani naye alirudi. Leo ni mwenyekiti wa halmashauri yetu. Msikitini anasema "marehemu rafiki yangu Haji." Amejenga mashine ya dizeli karibu na kwangu, na kwenye ekizosi amening'iniza kifuniko. Mke wangu anasaga kwake, hakuna pengine. Niliwaambia wazee. Wakajibu, "Wacha, Duku, tunataka amani." Ndiyo maana naandika.

Mwezi uliopita mashine yake ilitengenezwa, na mfanyakazi wake, mtoto wa juzi, akaiwasha bila kifuniko. Wanawake wa Midia walikuwa njiani na mabeseni. Wale wa umri wangu walisimama. Wakageuka, wakarudi walikotoka, haraka haraka, na wasichana wakawafuata wakicheka, "Mama, iko nini?"

Lemi alitoka nje akapunga mikono. "Njooni! Mashine iko mzima! Njooni!"

Hakuna aliyekwenda. Nami sikuwacheka. Nilikuwa nimeshasimama mlangoni kwangu, na viatu viko miguuni.