Mlima Uliopewa Jina la Ng'ombe

Umande haujakauka, na Séraphin Hakorimana tayari anapanda mlima ulio juu ya Ngungu, mfuko wa saruji kichwani, akihema kama mvukuto wa mhunzi. Mteremko huu ni mkali kiasi kwamba mbuzi akipiga chafya huku juu, wanamwokota sokoni kule chini.

Saruji ni ya nguzo ambayo wapima ardhi wanaijenga kileleni kiangazi hiki cha 1954. Keshokutwa watabandika kibao cha chuma chenye jina la mlima: GAJU.

"Gaju ni ng'ombe," anasema Séraphin akitua mzigo. "Ninavunjika shingo juu ya jina ya ng'ombe."

Wenyeji wote huuita Kwa Nyirabagenzi. Nyirabagenzi ni mama yake Séraphin, mjane aliyefyeka pori la huku kwa mikono yake, akapanda maharage mahali ambapo, wanavyoapa majirani, mawingu hupita yameinama yasije yakamwangusha. Shamba hilo ndilo linalolisha nyumba nzima; ujira wa mpagazi hutosha chumvi na kaptula tu.

Balaa lilianza mwaka jana. Mpima alisimama bondeni, akanyoosha fimbo juu, akamuuliza mpagazi wa mbele, Kanyamibwa: "Ile, jina yake nani?"

Ukungu ulikuwa umeumeza mlima wote. Kilichoonekana ni ng'ombe mmoja mwekundu, na alikuwa wa Kanyamibwa mwenyewe. Akajibu kwa majivuno: "Ile njo Gaju."

Séraphin alisahihisha papo hapo. "Mpima akaniambia nyamaza, imekwisha kuandikwa," anasema. "Kama vile wino njo ilizaa mulima."

Watu wangecheka yakaisha. Lakini tangu ramani ifike ofisini, Kanyamibwa anawachunga Gaju na wenzake ndani ya maharage ya mjane. Jana Séraphin alimkuta hapo hapo.

"Kaka, toa ng'ombe yako mu maharage."

"Mulima iko yake, kaka. Acha mwenyewe akule."

"Basi umuambie alime pia."

Mama na mwana walipopeleka mashtaka ofisini, karani alikunjua ramani, akasema haoni Kwa Nyirabagenzi popote.

"Mama yangu alisimama mbele yake na jembe," anasema Séraphin. "Yeye anamutafuta mu karatasi."

Ndiyo maana wapagazi, isipokuwa Kanyamibwa, wamekubaliana. Keshokutwa mpima atakapoketi kwenye kipoyi, kile kiti chake cha kubebwa mabegani, hakuna atakayekiinua mpaka ashuke. Kitapanda kimembeba Nyirabagenzi mpaka kwenye nguzo, na mpima afuate kwa miguu, akaulize jina kwa mwenye jina.

Na akikataa?

"Kibao ni chuma kizito," anasema Séraphin. "Atabeba yeye."

Nyirabagenzi, alipoelezwa mpango huo, hakushukuru wala hakutabasamu.

"Munibebe polepole," aliwaambia. "Na mupite pembeni. Atakayekanyaga maharage yangu, nitashuka."