Page ya Jana

Mu bureau kwenye natumika leo, bananicheka juu ya kitu moya. Kila page nafungua, napiga F5, kitufe ya kuleta page upya, mara mbili, tena kwa nguvu, sawa mutu anatwanga sombe, majani ya muhogo. "Mama, clavier itakufa," banasema. Na navigateur yangu, ile ya kufungulia page, nimeipanga isibakishe kitu: nikiifunga tu, imesahau yote. Benzangu banapenda ile yenye kukumbuka, yenye kubaandikia adresse mbele hata hawajamaliza herufi ya pili. Mimi hapana. Mimi nachukia navigateur yenye kukumbuka. Banafikiri naogopa bezi ba mu internet, na nabaacha bafikiri vile.

Ukweli iko ingine, na nitausema bila kuuosha.

Wakati wa vita, wakati bakubwa ba waasi balikuwa na makao yabo ku Beni na sisi ba Butembo tuko tunauza na kununua sawa hakuna kitu, nilikuwa natumika mu cyber. Mu mutaa wetu ilikuwa ya kwanza. Mashine sita, groupe moya ya umeme nyuma ya nyumba yenye kukohoa siku yote, na parabole kubwa ya kukamata internet ku paa, yenye bamama ba soko balidhani ni ya kukinga mvua. Nilikuwa na miaka makumi mbili na tatu, diplome d'État, brevet ya informatique ya miezi tatu, na kiburi ya miaka mia. Batu bazima, bafanyabiashara benye magari, balikuwa bananiita mademoiselle na kungoja nibaonyeshe wapi pa kubonyeza. Kiburi ile ilinilevya kuliko kasiksi.

Kila mashine ilikuwa na navigateur tatu, na mimi ndiye nilikuwa nachagua nani apate gani, sawa mama mwenye kugawa nyama mu sahani. Ile yenye alama ya usukani wa meli ilikuwa yangu, mutu asiiguse. Nilipenda vile inashusha picha mustari kwa mustari. Nilikuwa fiancée, tungefunga ndoa kisha Pasaka, na kila siku nilikuwa naangalia marobe ya harusi: inashuka kwanza voile, kisha mabega, kisha kiuno, na mbele ya kufika ku miguu ligne ya internet inakatika. Ile ya O nyekundu nilipatia banafunzi ba université, juu ilikuwa nyepesi, na kwa kitufe moya unazima picha zote, unabaki na maandiko tu. Na ile ya e ya bleu nilipatia batu benye kutoka bijijini.

E ya bleu ilikuwa na kitu nilichopenda sana. Unafungua menu ya Fichier, unachagua Travailler hors connexion, na mashine inaacha kutafuta kule inje. Inakuonyesha page yenye ilibakisha mu tumbo yake siku ingine. Inafunguka palepale! Mutu mwenye hajui anashangaa: eh, mashine ya hapa iko mbio.

Ligne yetu ilikuwa nyembamba. Kama mufanyabiashara moya anangoja karatasi ya container yake toka Dubai, mashine zingine zinasongwa, na patron anakuya kunilalamikia. "Bafanyabiashara kwanza," alikuwa anasema, "bengine bavumilie." Mais yeye hakunifundisha kudanganya mutu. Ile dawa nilivumbua mwenyewe. Mutu asiyejua kusoma, nilijiambia, page ya jana inamutosha. Nilikuwa naiita fufu ya jana, na nilikuwa nacheka peke yangu nikiigawa.

Sasa nafika kwa papa wa Kyavinyonge, kijiji ya ku ziwa.

Alikuya mara ya kwanza na barua mu plastiki, plastiki mu mufuko wa shati, mukono juu ya mufuko. Alikuwa muuza samaki. Basoda balikuwa balipigana kule ku ziwa, batu balikimbilia pirogue, na binti yake wa miaka kumi alirushwa mu pirogue ya jirani. Yeye alibaki ku mwambao, juu bibi yake alikuwa amepigwa risasi. Bibi alikufa, pirogue ilienda ng'ambo, Uganda, na mwaka muzima hakujua kama mutoto ni muzima ama samaki zilimukula. Pirogue yake mwenyewe basoda balikuwa balichukua. Kisha barua ikafika kwa mikono ya bauza samaki: ma soeur moya, mutawa wa kule, alikuwa ameandika kama mutoto iko, iko mu kambi, na juu barua zinapotea, papa atafute adresse ya internet mu Butembo, ataandikiwa pale.

Nilimufungulia adresse, nikaiandika pamoja na neno yake ya siri nyuma ya barua yake. Kisha juma mbili message ikaingia, na mimi nikamusomea kwa sauti, mbele ya batu bote: "Papa, niko muzima. Nilipata biatu. Ma soeur anasema ungoje, atakuambia siku ya kuya kunitwaa ku Kasindi. Unijibu, papa." Papa yule alivua kofia mbele ya mashine, sawa mu kanisa. Batu bakacheka. Mimi nilicheka kuliko bote. Mais jibu niliandika, lazima niseme na ile: niliandika vile alisema, nikatuma.

Toka pale, kila siku ya soko alikuwa anapanda na camion ya samaki, anaingia, anavua kofia, ananipa tilapia moya mu majani. Ilikuwa adabu yake tu, mimi sikumuomba. Nilikuwa napokea kwa vidole mbili na kumuweka ku mashine ya mwisho, karibu na mulango, juu ya harufu. E ya bleu. Hors connexion.

"Iko kitu, mama?"

"Hakuna, papa. Ni ile ile."

"Nisomee basi ile ile."

Nilikuwa namusomea. Mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya ine nilikuwa nimechoka, nikaruka maneno.

"Na biatu?" akauliza.

"Biatu gani?"

"Alisema alipata biatu. Inakuya kisha 'niko muzima'."

Alikuwa amekamata yote mu kichwa, herufi hajui hata moya. Nilinyonya meno, nikamusomea biatu.

Sasa, juu ya page ile kulikuwa na publicité: mwanamuke muzungu, blouse ya manjano, simu ku sikio, meno yote inje. Siku moya, mu juma ya kwanza ya Kwaresima, papa alimuangalia murefu.

"Mama," akasema, "huyu muzungu hana nguo ingine?"

Cyber muzima ikapasuka kicheko. Nikamujibu, "Papa, ile ni picha tu."

"Najua ni picha. Mais kwako picha zinabadilika. Juma ilipita robe ilikuwa na mikono mirefu. Leo haina mikono."

Macho haina pazia, kweli. Damu ilinipanda mu masikio. Na musikie vizuri: siku ile hakukuwa mufanyabiashara hata moya mu nyumba. Hakukuwa container, hakukuwa Dubai. Ligne ilikuwa wazi, iko inashusha kiuno ya robe yangu. Ingenitwaa kubonyeza mara moya tu. Sikubonyeza, juu nilikasirika kama mutu wa harufu ya samaki amenikamata, mimi, mademoiselle. Nikasimama, nikachukua page ile ile yenye ilibaki, nikaifungua mu O nyekundu, nikazima picha.

"Angalia, nimekubadilishia navigateur. Hii ni ya bakubwa."

Akaangalia maandiko matupu.

"Muzungu ameenda?"

"Ameenda."

"Na message?"

"Ni ile ile."

"Wasingya, mama," akasema. Alinishukuru! Akavaa kofia, akashuka kutafuta camion, na mimi nikarudi ku robe.

Mu Juma Takatifu, mashine ya mwisho ikapata virus. Nikafuta yote, nikapanga upya, na page ya papa ikaenda pamoja na yote. Donc nilipaswa kuingia mu adresse yake ya kweli, nimutayarishie fufu ya jana ingine. Niliingia nikiwa natafuna karanga.

Kulikuwa message ine mpya.

Ya kwanza: "Papa, kuya Kasindi Ijumaa hii, ku barrière. Hapa banatafuta batoto benye hawana mutu, babapeleke mbali kwa bazungu. Ukifika, bataona niko na mutu. Ma soeur atakuya na mimi."

Ya pili: "Papa, tulingoja ku barrière mpaka jua ilishuka. Pengine njia ilifungwa. Kesho tutarudi tena."

Ya tatu ilikuwa ya ma soeur, kwa kifaransa, fupi. Alikuwa anasema yeye mwenyewe banamutuma mahali pengine, na asipopata jibu mbele ya mwisho wa juma, hana namna ya kubazuia.

Ya ine: "Papa, baliandika kama sina mutu. Nilibaambia niko na papa. Baliniuliza iko wapi. Tunapanda ndege."

Nikaangalia tarehe. Ndege ilikuwa imepanda zamani. Kisha nikaangalia tarehe ya ile ya kwanza, na hapo nikaweka karanga chini. Iliingia siku mbili mbele ya ile siku ya muzungu mwenye blouse. Papa akiniuliza juu ya nguo, message iko pale, na Ijumaa bado haijafika. Toka Butembo mpaka Kasindi, pale ku mupaka wa Uganda, ni camion moya, siku moya. Angefika na nafasi ya kunawa uso.

Niliandika mbio mbio ku adresse yenye message zilitoka: papa yake iko, papa yake iko hapa, musipeleke mutoto. Ikanirudilia palepale: adresse ile haipo tena. Nikajaribu mara tatu. Nililia, sikatai. Mais nililia juu yangu. Niliona vile atanitazama, vile patron atanifukuza, vile bamama ba kwaya batasema juma ya harusi yangu. Na hapa ndipo nataka munijue vizuri, mutu mwenye munacheka F5 yake. Nilipanguza macho, nikachukua zile message ine, nikazitia mu corbeille, pipa ya takataka ya adresse, nikabakisha ile moya ya biatu. Kisha nikahifadhi page mu mashine, safi, sawa ya zamani.

Papa hakuonekana Pasaka. Nilifunga ndoa. Robe ilishonwa hapa kwetu, na fundi alikosea mikono. Juma mbili kisha harusi nilirudi ku kazi na pete, na siku ya soko mulango ukafunguka.

Alikuwa na vumbi nyekundu mupaka ku nyusi. Hakutoka upande wa ziwa, alitoka upande wa Beni. Akavua kofia, akanipa tilapia mu majani, akaenda mwenyewe ku mashine ya mwisho, akaketi.

"Iko kitu, mama?"

"Hakuna, papa. Ni ile ile."

"Nisomee."

Nilimusomea. Siku ile nilisoma vizuri kuliko siku zote, pole pole, na biatu ndani. Nikafika ku "unijibu, papa", nikaishia pale.

Yeye akafunga macho, akaendelea.

"Papa, kuya Kasindi Ijumaa hii, ku barrière," akasema. "Hapa banatafuta batoto benye hawana mutu." Alisema ya kwanza yote. Akapumua. Alisema ya pili, na jua ilishuka, na kesho tutarudi. Ya ma soeur alisema kwa kifaransa, kifaransa hajui, mais maneno yalikuwa pale yote, kila moya mahali pake. Banafunzi balikuwa baliacha kubonyeza. Alisema ya ine mpaka ku ndege.



"Ku Beni balifungua cyber," akasema, macho bado imefungwa. "Mama wa pale alitafuta mu corbeille. Alinisomea mara mbili. Mara mbili ilinitosha."

"Papa," nikasema, "ligne ilikuwa..."

Akainua mukono, si kwa kunipiga. Akafungua macho.

"Nina ulizo moya tu. Siku ile nilikuuliza juu ya nguo ya muzungu. Message ya barrière ilikuwa imekwisha kufika, ama bado?"

Bote balikuwa banatuangalia. Nilijua jibu kwa siku na kwa saa.

"Bado, papa," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha miaka mingi nilikuya kufahamu: mama wa Beni, akisoma message, lazima alimusomea na tarehe. Alijua. Alikuwa ameniuliza tu aone mimi ni mutu wa namna gani.

Alivaa kofia. Ku mulango nikamukumbusha, sijui juu ya nini, kwamba amesahau samaki yake.

"Hapana," akasema. "Ni yako, mama. Nilikuletea."

Hakurudi tena, na sijui hata leo kama mutoto aliandika tena ku adresse ile. Samaki nilipeleka nyumbani. Nilipika na nyanya na kitunguu, bwana yangu akauliza nani anatupenda hivi. Tulikula yote, hata kichwa.