Mpishi wa Waswidi Niliyemfuata Kolo

Nilifunga safari ya Kolo kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuandikisha ubao wa mgahawa kabla sijajua kupika.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, ambapo kila aliyepunguzwa kazini pale Dodoma alifungua kitu: huyu banda la mitumba, yule mashine ya kusaga, mwingine saluni ingawa hajawahi kushika kichwa cha mtu. Mimi nilikuwa mtunza bohari wa shirika moja la umma, na kitu pekee nilichowazidi wenzangu ni kwamba shirika hilo liliwahi kunipeleka Sweden kwa kozi ya miezi tisa. Miezi hiyo tisa niliisimulia kwa miaka kumi na mmoja. Niliisimulia msibani, niliisimulia kwenye foleni ya mafuta ya taa, na chakula chao ndicho nilichokisifu kuliko vyote.

Basi nikatazama mji nikaona hauna hata mgahawa mmoja wa Kiskandinavia. Waswidi, Wanorwei na Wadenmark walijaa kwenye miradi ya maji na misitu, na wote hawakuwa na mahali pa kula chakula cha kwao. Nikajiona nimegundua mgodi. Haikunijia kabisa kujiuliza kwa nini watu wengine wote walikuwa wameupita.

Shida ni kwamba baraza ya nyumba yetu ilikuwa na mwenyewe. Mke wangu, Mama Zaina, alikuwa akiuza pilau na chapati pale, na pilau hiyo ndiyo iliyotulisha tangu nipoteze kazi. Nikamwomba anipishe. Akaondoa majiko yake siku hiyo hiyo. Nikaita fundi akaandika SKANDINAVIA kwa rangi ya bluu, kisha nikawaalika wazungu kumi na wawili waje kwenye chakula cha ufunguzi Jumapili mchana.

Ndipo nilipojaribu kupika. Kule Sweden samaki hulazwa kwenye siki na sukari. Samaki wao hakuwapo Dodoma, nami nikachukua perege mkavu wa Mtera nikamlaza siku tatu. Mama Zaina alionja, akatoka nje kusukutua. Paka wa jirani alinusa tu, akaenda zake. Zikiwa zimebaki siku nne, mtu akaniambia kwamba Kolo, kule Kondoa, yuko mjane anayeitwa Bi Hadija aliyewapikia Waswidi wa mradi wa kuzuia mmomonyoko kwa miaka kumi na minne. Nisipompata huyo, wageni wangekuta ubao na perege, na mke wangu angekuwa amefunga biashara yake bure.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Kondoa nikiwa nimevaa koti langu la Sweden. Mkononi nilikuwa na kilo mbili za sukari, majani ya chai na doti ya khanga. Mtu hamwendei mjane wa watu mikono mitupu, na khanga yenyewe aliichagua Mama Zaina.

Hatujafika Msalato, nilikuwa nimekwisha kuanza kusimulia. Jirani yangu kitini alikuwa dalali wa mahindi kutoka Kibaigwa, mtu wa kusikiliza sana. Nikamweleza kuhusu vinyama vya mviringo vinavyoliwa kwa jamu. Aliniuliza kama ni chakula cha wagonjwa. Nikamwambia ni chakula cha watu walioendelea, naye akaegemea dirisha akalala.

Mbele ya Haneti tulikuta korongo limejaa. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na maji mekundu yalipita kwa haraka mahali ambapo jana yake watu walichimba mchanga. Tulikaa ukingoni mpaka alasiri, na kwa kuwa abiria hawakuwa na pa kukimbilia, wote walinisikia, pamoja na dereva na kondakta. Tuliingia Kondoa jioni nikalala gesti.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, nilishuka Kolo. Kwetu mtu mwenye adabu hamwendei mwanamke asiye na mume moja kwa moja. Huanzia kwa mwanamume wa nyumba. Kwa hiyo nilikwenda kwa kaka yake, Mzee Ramadhani, nikampa shikamoo na kumkabidhi vile vitu. Alidhani nimekuja kutazama michoro ya mapangoni kama wageni wengine. Nikakohoa, nikaweka sawa koti langu.

"Mzee, nimekuja kwa heshima zote kumwomba dada yako Bi Hadija," nilisema. "Nyumba ipo, jiko lipo, na mke wangu ameridhia."

Mzee Ramadhani aliitazama doti ya khanga, akanitazama mimi, kisha akatuma watu wawaite baba zake wadogo wawili. Wakaja, wakakaa kwenye mkeka. Waliniuliza ukoo wangu, msikiti ninaoswali, idadi ya watoto, na kama nina uwezo wa kuwatendea haki wote wawili. Nikajibu kila swali kwa furaha. Nilidhani watu wa Kolo ni makini sana katika mambo ya ajira. Walipouliza atalala wapi, niliwaeleza kwamba chumba cha uani kimepakwa chokaa upya, nao wakatikisa vichwa kuonyesha wameridhika. Wakati huo basi la kutoka Babati likawa limesimama nje kwenda Dodoma, na mzee mmoja akatoka kuzungumza na kondakta wake.

Hatimaye Bi Hadija akaitwa. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono ya unga, na hakuonekana kupenda kukatizwa kazi.

"Bwana, unataka nini hasa?" aliniuliza.

Nikamwambia nataka mikate ya iliki na vinyama vya mviringo, kwa watu kumi na wawili, Jumapili.

Wazee wakatazamana. Kisha Bi Hadija akacheka mpaka akakaa chini. Baba zake wadogo hawakucheka. Hapo ndipo nilipoelewa nimeposa, na kwamba nimekubaliwa. Nilitamani lile korongo la Haneti lingenichukua.

Mzee Ramadhani alikuwa mtu mwema, na baada ya swala ya Ijumaa alikubali nikaribishwe kama mgeni wa kawaida. Bi Hadija akanipeleka jikoni kwake. Nikamsihi aje Dodoma japo kwa siku mbili tu. Akasema haiwezekani. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia habari ya posa, na akionekana anapanda basi nami bila ndoa, hatakuwa na uso wa kurudi nao pale.

Alinieleza mambo huku akiukanda unga. Waswidi wake walikula vyakula vyao Jumatatu mpaka Alhamisi, kwa sababu ndivyo walivyoagiza. Ijumaa walimwomba awapeleke kwake, wakakaa mkekani kula ugali wa uwele na mlenda, na hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu nyama na jamu.

"Mtu akitoka kwake kwenda kula kwa watu, anafuata kile alichokiacha kwake?" aliuliza. "Na wewe, huko kwao, siku ya mapumziko ulikuwa unakula wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uzoefu wa miaka kumi na mmoja. Lakini mtu aliyeposa kwa makosa hana tena heshima ya kuilinda, nikamwambia ukweli. Kila Jumamosi nilipanda treni mbili kwenda kwa mwanafunzi mmoja kutoka Mbeya aliyesonga ugali kwa unga wa ngano, na nilimlipa kwa kumwoshea vyombo. Wale samaki wa siki niliwala mara moja, nikawatema kwenye kitambaa. Niliona aibu kulisema hilo, na niliona nafuu pia.

Bi Hadija hakunicheka. Alinionyesha namna ya kusokota mikate ya iliki, akaniokea mingi, akaifunga kwenye kikapu. Khanga akanirudishia nimpelekee mke wangu.

Jumamosi nilirudi na basi la asubuhi, na safari hii nilinyamaza njia nzima. Haikusaidia, maana habari ya posa ilikuwa imetangulia na lile basi la Babati. Kondakta alinipa hongera tangu Kondoa. Tulipofika Kelema akapanda mtu nisiyemjua, naye akanipa hongera. Nilipoingia mtaani kwetu saa kumi jioni, majirani walikuwa wamesimama milangoni wakitazama nyuma yangu kuona nani ananifuata.

Mama Zaina alikuwa barazani. Majiko yake matatu yalikuwa yamerudi mahali pake, na mchele ulikuwa umetandazwa kwenye ungo.

"Bibi harusi yuko wapi?" aliuliza.

Nikamweleza yote yaliyotokea Kolo, huku nimekumbatia kikapu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa kisu na fungu la vitunguu, akasema wageni ni wa kesho na vitunguu havitajimenya.

Jumapili, saa saba mchana, wageni walikuja wote. Walikula pilau ya mbuzi na kachumbari chini ya ubao wa SKANDINAVIA. Mhandisi wa Norway aliusoma ubao, akaitazama sahani yake, akaongeza pilau mara tatu. Hakuuliza kitu isipokuwa kama tutafungua na Jumapili ijayo. Mikate ya iliki ililetwa pamoja na chai. Muuguzi mmoja wa Sweden aliuma kidogo. Macho yake yalilowa. Akachukua mwingine, akaufunga kwenye leso na kuuweka mkobani. Hapo nilielewa kwamba chakula kile kinapendwa kweli, ila kwa kipande kimoja kwa mara moja, na mgahawa mzima hauwezi kusimama juu yake.

Walipoondoka, niliosha masufuria. Mama Zaina alikaa kwenye kigoda akipumzisha miguu. Nikaona ni wakati wa kumwambia na hili la treni mbili na mwanafunzi wa Mbeya.

"Nilijua," alisema. "Ulirudi kutoka huko umekonda, suruali umeifunga kwa kamba. Mtu aliyekula vizuri harudi hivyo."

Nikamwuliza kwa nini basi aliondoa majiko yake.

"Ulikuwa umeachishwa kazi, Baba Zaina. Ulikuwa hutoki ndani. Siku uliyozungumza habari ya mgahawa, ndiyo siku uliyonyoa ndevu."

Niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata zamani. Mji mzima nilikuwa nimeusimulia habari za Ulaya, na aliyeijua safari yangu ilivyokuwa ni mmoja tu, ambaye hajawahi kufika hata Msalato bila mimi. Nikamwomba anifundishe kupika pilau.