Spoku Mbili Bubu

Baba alipofariki, pikipiki yake kuukuu iliniangukia mimi kitinda mimba, pamoja na nyumba na kihamba cha migomba na kahawa huko Machame. Kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na boma. Pikipiki ilikuwa imekaa mwaka mzima kando ya zizi la ng'ombe, tope la masika limeikaukia, na mama hakutaka mtu aioshe. Nilidhani ni majonzi tu. Siku moja alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nikaiwasha kwa shida, nikashuka nayo Moshi.

Nilitaka kuivua magurudumu yake ya spoku, yale ya vijiti vyembamba vya chuma, na kuivalisha rimu za sporti, zile nyeusi zinazong'aa. Fundi, mtu mzima mwenye mikono iliyokolea grisi, aliitazama, kisha akanitazama mimi.

“Dogo, rimu hizi ni za lami. Kwenu kuna mawe. Spoku zinanesa, hizi zinapasuka.”

“Spoku ni za wazee wa kanisa, fundi.”

“Sawa. Wewe utazeeka kabla hujafika darajani.”

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka. Nami nikacheka.

Alipolitoa gurudumu la nyuma alitaka kujua kama bado ni zima. Akalizungusha taratibu huku akigonga kila spoku kwa spana, sikio kalitega. Ti, ti, ti. Kisha du. Du.

“Hizi mbili bubu,” akasema, akakwangua tope. Jani kavu lililopigwa fundo lilikuwa limezibana pamoja. “Hiki nini?”

“Uchafu wa zizini,” nikajibu, nikalikata kwa kisu. Akagonga tena. Ti. Jani lilianguka kwenye mafuta machafu, likafagiliwa pamoja na vumbi la siku ile.

Nilipanda Machame nikijiona bwana. Mama alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia nyumbani.

“Shikamoo mama.”

Alipita kando yangu, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akapapasa ile rimu mpya kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

“Jani langu liko wapi?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu akikukosea, kisha akakuletea jani la isale lililopigwa fundo, huna ruhusa ya kumkatalia msamaha. Isale, mmea ule wa majani marefu, ndiyo mpaka wa kihamba chetu. Nimekua nikiiona kila asubuhi. Nililishika jani lake mkononi nisilijue.

“Nilikata mibuni minne ya baba yako nipande maharage,” mama alisema, bado ameinama. “Sikumwambia. Siku tatu hakusema nami, hakugusa chakula changu. Siku ya nne, alfajiri, nikalifunga pale. Nikajua akitaka kutoka na pikipiki ataliona.”

Hakutoka. Asubuhi ile ndipo baba alipoanguka zizini, ndoo ya maziwa mkononi, na hakuinuka tena.

“Mbona hukulifungua, mama? Mwaka mzima?”

“Ukilifungua mwenyewe, umelifuta ombi lako.”

Kesho yake nilirudi kwa fundi. Magurudumu ya zamani bado yalikuwa yameegemea ukuta. Nikachokoa jalala nyuma ya gereji kwa kijiti, nikakuta majivu. Walikuwa wamechoma taka asubuhi. Fundi hakunitania safari hii. Aliyarudisha magurudumu ya baba, akakaza spoku moja moja.

Nilipofika mpakani mwa kihamba nilisimama, nikakata jani la isale, nikalipiga fundo. Mama alikuwa akipepeta maharage. Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili, nikamsimulia jinsi spoku mbili zilivyokuwa bubu kwa fundi mpaka nilipolikata jani lake.

Alilipokea. Hakusita hata kidogo, akaniwekea kiganja kichwani.

“Yamekwisha, mwanangu. Lako limepokelewa.”

Nilingoja aseme kama na lake, lile la baba, limepokelewa. Aliinuka, akaenda hadi kwenye pikipiki, akachuchumaa nyuma yake. Akaanza kugonga spoku kwa ukucha wa kidole, moja baada ya nyingine, taratibu, akisikiliza. Alizunguka gurudumu lote. Akazunguka tena.

Zote zililia.